Seleri ya Saidati

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa moja asubuhi, Saidati alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko akikata seleri. Alitumia kisu kifupi cha kumenyea viazi. Alianza na mashina ya nje, yale ya katikati akayaacha yaendelee kukua. Mafungu ya kupeleka sokoni aliyafunga kwa kamba ya mgomba na kuyapanga ndani ya beseni. Fungu moja aliliweka pembeni, juu ya tofali, kwa sababu mgonjwa alikuwa ameshapiga hodi.

Mgonjwa alikuwa Théoneste, mtu wa ofisini anayekaa juu kilimani, Nengo. Gari lake aliliacha barabarani, maana njia ya kuingia mtaa ulio nyuma ya msikiti ni ya miguu tu. Alikuja ameinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Mkononi alishika kikombe cha kwao nyumbani, cheupe, chenye ua la buluu, kama alivyoagizwa.

"Mama Kaltumu, mugongo inaniua," alisema. "Jana nilishindwa kuvaa soksi. Bibi yangu njo alinivalisha."

"Alikuvalisha za rangi moja?"

Théoneste alijaribu kuangalia miguu yake, akashindwa. "Sijue."

"Bon. Kaa hapo."

Saidati aliosha seleri, akaikatakata majani na mashina pamoja, akaitia kwenye sufuria ndogo yenye maji kidogo, bila chumvi, akaifunika na kuiweka kwenye mbabula ya makaa. Ilipochemka mara mbili aliimimina katika kile kikombe. Théoneste akanywa mpaka nusu, akangoja, kisha akakohoa mara moja. Maumivu ya mgongo yakamtoka mdomoni na kuangukia kikombeni. Yalikuwa ya rangi ya maji ya mchele, ukubwa wa kiazi kidogo. Yalitoa mlio wa jiwe linaloingia kwenye ndoo.

Théoneste alisimama wima. Aliangalia paa, akaangalia juu ya paa, akaliona ziwa, ambalo kutoka pale uani huonekana tu kwa mtu aliyenyooka.

"Ah, bon," alisema, akavaa koti lake.

Saidati alifunika kikombe kwa kisahani. "Siku ya tatu unarudi. Alhamisi."

"Alhamisi, bila kukosa. Nitakuja mbele ya kazi."

Na siku ile kweli alikuwa na nia ya kurudi. Alipofika mlangoni akageuka akasema tena, "Alhamisi."

Kaltumu, binti wa Saidati, alikuwa amekaa kwenye cherehani yake pale mlangoni. Alichukua kipande cha kitambaa cha suti, cha kijivu, akakifunga kwenye mkono wa kikombe ili wasichanganye, kisha akakiweka kwenye rafu pamoja na vingine.

Seleri kila mtu anaijua. Gisenyi wanaitia kwenye supu ya samaki, kwenye maharage, kwenye mchuzi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, na wachoma nyama wanaisaga pamoja na kitunguu. Mama za zamani wanamnywesha maji yake mtu ambaye tension, yaani presha, imempanda. Mbegu zake wanamchemshia yule anayekojoa kwa taabu. Majani wanayaponda na kuyafunga kwenye miguu iliyovimba, na mwenye mimba wanamwambia asiizidishe. Hayo seleri yoyote inayafanya, na aliyenunua fungu la Saidati sokoni alipata hayo tu.

Iliyotoa maumivu ilikuwa mstari mmoja, ule ulioota kando ya ufa. Ufa wenyewe ulipasuka mwaka wa volkano, wakati ardhi ilipotikisika wiki nzima na watu wakalala nje. Ulipita chini ya ukuta wa jiko la Saidati, ukakata ua vipande viwili, ukaenda zake. Watu wa serikali walikuja kuupima wakaandika. Saidati alikuwa na miche ya seleri aliyoletewa kutoka Kanama, na udongo wa pale ulikuwa na joto, basi akaipanda humo. Hakuwa na shamba lingine.

Kanuni zake alizijua kwa kukosea. Mtu wa kwanza kutolewa alikuwa Valentin, mshona viatu, aliyekuja kununua seleri ya supu akiwa ameshika shavu. Saidati akamnywesha maji yake, maumivu ya jino yakatoka yakabaki kikombeni, na hakuna aliyejua yafanyweje. Wakayaacha dirishani. Siku ya tatu yalikuwa yamepungua, yamekuwa kama punje ya haragwe. Siku ya nne yakaanza kulia, sauti nyembamba ya birika. Siku ya saba kikombe kilikutwa kitupu, na nyumba ya tatu kutoka pale mtoto mchanga ambaye hakuwa bado na jino hata moja alianza kujishika shavu na kupiga kelele. Ilibidi wamnyweshe maji ya seleri kwa kijiko. Yalipotoka, Valentin akayanywa mwenyewe na maji baridi. Yalimuuma siku tano, kisha yakafa.

Tangu hapo ikajulikana. Seleri haiui maumivu, inayatoa na kuyapunguza tu. Yanafia ndani ya mwenyewe. Ndani ya mtu mwingine hayafi, na baada ya muda yanarudia ukubwa wake wa zamani. Yakiachwa, yanatafuta mtoto aliye karibu.

Mwaka wa kwanza watu walirudi. Walikuja siku ya tatu, wakanywa, wakavumilia siku zao tano, wakapona kabisa. Halafu mtu mmoja hakurudi, akakutana na jirani yake barabarani akiwa mzima. Habari kwamba mtu anaweza asirudi ilienea mtaani haraka kuliko habari ya seleri yenyewe. Waliosema watarudi waliendelea kusema. Mmoja alikuwa Kigali, mwingine alizuiwa na mvua, mwingine alikuwa na arusi ya dada. Wengi walituma sukari.

Nyuma ya ukuta wa Saidati kulikuwa na madrasa. Watoto arubaini walikaa pale kila jioni na vibao vyao. Kwa hiyo siku ya sita, vikombe vikiwa bado vinalia, Saidati alivishusha kwenye rafu kimoja kimoja, akanywa yaliyomo, akaviosha, akavirudisha kwa ajili ya siku ambayo wenyewe wangekuja.

Théoneste hakuja Alhamisi. Jumapili Saidati aliinama kuokota kamba ya mgomba akabaki ameinama.

Kufikia wakati huo, mtu aliyezoea kuangalia watu angeweza kuuona mtaa mzima katika mwendo wake. Mguu wa kushoto aliuburuza kwa namna ya jirani yake Mukarugwiza. Bega la kuume alilipandisha kama Onésphore, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, aliyeanguka kwenye kona ya Kanama. Alikunja uso kwenye jua kama muuguzi fulani, na sasa aliinama kama mtu wa ofisini. Watu walimwona na kila mmoja alikijua cha kwake. Hakuna aliyeshangaa. Sokoni walikuwa wakiulizana habari.

"Mama Saidati!" Onésphore alimwita siku moja kutoka juu ya pikipiki yake. "Bega yangu inaendelea namna gani?"

"Iko inakusalimia," Saidati akajibu. "Inasema umeisahau."

Wenye matoroli na wauza nyanya wakacheka. Onésphore naye akacheka, akapiga honi mbili, akapakia mteja. Kaltumu alikuwa amebeba beseni nyuma ya mama yake. Hakucheka. Alikuwa akiangalia namna mama yake anavyolibadilisha fungu la seleri kutoka mkono huu kwenda mkono ule, kisha tena kuurudia wa kwanza, kwa sababu yote miwili haikuwa na mahali pa kushikia.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, Saidati hakuinuka kitandani. Goti lilikuwa limekula usingizi wake, mgongo ukala upande mmoja na bega upande wa pili, na hakuna upande uliobaki wa kulalia. Kaltumu na mjomba wake, mzee Kadiri, aliyewahi kuendesha malori miaka mingi, walimpeleka kwenye kituo cha afya. Walikaa kwenye foleni tangu asubuhi mpaka saa saba. Muuguzi alimpima presha, akamsikiliza kifua, akamfunua jicho. Humo jichoni akakiona kipandauso chake mwenyewe, kile alichokiacha kwenye kikombe cha plastiki cha kijani miaka miwili nyuma. Akakiangalia kidogo. Kisha akaandika vidonge vya maumivu na kusema mama apumzike.

"Apumzikie upande gani?" Kaltumu aliuliza.

Muuguzi akamwita mgonjwa anayefuata.

Nyumbani Kaltumu alishusha vikombe vyote kwenye rafu akavipanga kwenye mkeka. Vilikuwa thelathini na saba. Kila kimoja kilikuwa na kitambaa chake: kijivu cha Théoneste, kitenge cha kahawia cha Mukarugwiza, kipande cha jaketi la njano cha Onésphore. Mama yake alimwangalia kutoka kitandani.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Ninaenda kubaita. Kila mutu akuje ashike kikombe yake. Nitakunywesha seleri, vitatoka, nabo banywe vyabo. Siku tano tu, mama. Siku tano kwa kila mutu."

"Usibaaibishe batu."

"Ni vyabo."

"Ni amana," Saidati alisema. "Mutu anajua kile aliacha. Nikikutuma, ni kama mi nasema bao ni bezi, baliniibia."

"Na ukikufa?"

Saidati alisema seleri ya ufa isikatwe shina la katikati, kisha akafumba macho, si kwa usingizi.

Kaltumu alimngoja mama yake apumue sawasawa. Alijifunga mtandio, akatoka.

Alianzia mbali, akapanda Nengo kwa miguu. Théoneste alimpokea vizuri. Alimkaribisha kwenye kiti cha nje, akamletea maji ya matunda ya maracuja kwenye glasi ndefu, akamuuliza habari za cherehani. Alikuwa amevaa viatu vya michezo. Siku hizi kila Jumapili alikuwa anakimbia kando ya ziwa mpaka kwenye bia, yaani mpaka kule kiwandani, na kurudi.

Kaltumu alimweleza. Théoneste alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Maskini mama yako. Ile mugongo ni mubaya, mi naijua," alisema. "Lakini mwezi hii tuko na évaluation. Wakubwa banakuja toka Kigali. Nikiingia mule nimeinama, donc, bataandika nimechoka."

"Ni siku tano tu, muzee."

"Siku tano za mwezi hii." Aliangalia bustani yake. "Sikia. Nitatuma voiture, imupeleke hospitali kubwa. Saa yoyote. Unanipigia tu."

"Hospitali haitoi mugongo yako."

Théoneste aliposimama kumsindikiza, alisimama kwa mara moja, bila kushika kiti. Langoni akakumbuka jambo.

"Ile kikombe, Kaltumu. Unaweza kuituma? Bibi yangu anaitafuta. Ni ya seti, ziko sita."

"Kuja uichukue, muzee," Kaltumu alisema.

Akacheka kidogo, kwa adabu, akafunga lango.

Kaltumu alimkuta Onésphore kwenye kituo cha pikipiki, ameegemea ya kwake anakula mandazi. Alipoona uso wa Kaltumu aliacha utani. Alisema, "Panda," akampeleka mpaka njia ya msikiti, polepole, akikwepa madimbwi. Pale walipoishia alizima injini.

"Wateja bananishika bega," alisema. "Njia yote. Wengine banashika kama banataka kuing'oa. Siku tano bila kazi, na ikikataa kufa je?"

"Haikatai. Ya Valentin ilikufa."

"Ya Valentin ilikuwa jino." Alifuta kioo cha pikipiki kwa kidole. "Kaltumu, dada, usikasirike. Mi niko na batoto bane. Mama yako iko na we peke, na we ni mukubwa."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo. Kaltumu alishuka. Onésphore alikataa nauli, akawasha, akaenda.

Siku tatu Kaltumu alizunguka hivyo. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyesema vile vikombe si vyake. Wote walikiri, wengi wao kwa machozi, na kila nyumba alitoka na kitu mkononi: mayai, nusu kilo ya unga wa uji, kanga isiyofuliwa bado. Mmoja alimwambia kwamba mama yake ameshazoea. Mwingine alimwambia kwamba Mungu hampi mtu asichoweza kubeba, na Kaltumu akamuuliza ni nani aliyempa, naye akamwongezea yai.

Kaltumu alimweka Mukarugwiza wa mwisho kwa sababu alikuwa na uhakika naye. Walitenganishwa na ukuta mmoja. Mukarugwiza alikuwa mtu wa kanisa, Saidati mtu wa msikiti, na kwa miaka zaidi ya ishirini walikuwa wakipeana moto asubuhi, kaa moja la mbabula kwenye kifuniko, yeyote aliyewahi kuwasha. Kaltumu alikulia kwenye mapaja ya Mukarugwiza.

Alimkuta anachambua maharage, amechuchumaa, magoti yote mawili yamekunjwa mpaka mwisho. Mukarugwiza alimwona akitazama magoti, akaacha kuchambua.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nimekungoja tangu juzi."

"Basi tuende, mama. Hata sasa. Kikombe yako ndiyo ya kwanza."

Mukarugwiza aliangalia ungo.

"Goti hii ilinitoa Masisi, wakati ya vita," alisema. "Risasi haikunipata, nilianguka tu, mulima ilikuwa na majimaji. Nilikuwa na mutoto mugongoni. Tulitembea nayo mpaka huku, siku kumi na moja. Huku nilitembea nayo sokoni, shambani, kanisani. Ndani ya misa, bengine bakipiga magoti, mi nasimama kama nguzo, mapadri banafikiri niko na kiburi." Alicheka kidogo, pua yake ikajaa. "Miaka tatu hii tu, mwanangu. Miaka tatu njo nimepiga magoti."

"Itakuwa siku tano, halafu itakufa. Hautaiona tena."

"We unajua siku tano za jino. Ile mi ninaijua. Ile haiko ya siku tano."

"Mama yangu anakufa."

"Ninajua." Alikuwa analia sasa, bila kujificha, machozi yakidondoka kwenye maharage. "Ninajua, Kaltumu. Yebaba we. Niambie kitu ingine. Niambie nimuogeshe, nimubebe, nimufulie, nilale chini yake. Niambie kitu ingine yote."

Kaltumu alisimama pale mpaka alipoona hakuna kingine cha kungoja, akarudi kwao. Kesho yake alfajiri Mukarugwiza alileta uji wa mtama, akamlisha Saidati kijiko kwa kijiko, akamfuta mdomo. Kesho kutwa akaleta tena. Hakukosa hata siku moja. Aliingia na kutoka akiupita mkeka ambapo vikombe vilikuwa bado vimepangwa, na alikuwa makini sana asikanyage hata kimoja.

Aliyekuja alikuwa Valentin peke yake. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, kofia mapajani.

"Mi yangu nilikunywa zamani, mama Saidati," alisema. "Lakini nimekuja. Nipe ya mutu mwengine. Hata mbili."

Saidati akatabasamu. "Kwako haitakufa, Valentin. Itakaa tu, na kesho utaenda nayo kaburini. Tutakuwa tumeongeza mugonjwa."

"Basi nitafanya nini?"

Saidati alifikiri. "Ndara zangu zimekatika kamba."

Valentin akazichukua ndara akazishona hapohapo, kushona kwa mara mbili, akazipaka mafuta, akaziweka chini ya kitanda zikielekea mlangoni.

Saidati alikufa Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, uji ukiwa bado wa moto. Alikuwa amelala chali. Wanawake wa msikitini walikuja kumwosha. Walitafuta alama kwenye goti, kwenye bega, kwenye mgongo, hawakuona hata uvimbe. Walisema ngozi yake ilikuwa ya msichana. Lakini kumgeuza iliwabidi wawe sita.

Yalikuwa mazishi makubwa. Mtaa wote wa nyuma ya msikiti ulijaa, Waislamu na Wakristo, na magari yalipangwa barabarani mpaka karibu na soko. Théoneste aliomba ruhusa ofisini akaja na koti jeusi. Onésphore alikuja na madereva wenzake, pikipiki kumi na mbili, taa zimewashwa mchana. Muuguzi alikuja na sare yake. Wote walisema marehemu alipendwa, na ilikuwa kweli.

Jeneza wanaume hupokezana, kila mtu hatua chache, ili wengi wapate thawabu. Lile lilipokezanwa haraka kuliko kawaida. Mtu aliweka bega, akakunja uso, akapiga hatua mbili tatu, akampisha mwingine. Valentin alilishika tangu mlangoni na hakulitoa begani mpaka makaburini.

Wanawake wa pale hawaendi makaburini. Walibaki nyumbani wamekaa kwenye mikeka, sufuria ya maharage ya matanga ikichemka uani na seleri ndani yake. Kaltumu hakukubali kukaa. Alikuwa akizunguka na sinia ya chai, kwa kuwa mikono yake ilitaka kazi.

Huko makaburini, kabla hawajamteremsha, mzee Kadiri alisimama kwenye ukingo wa shimo. Ni desturi ndugu wa marehemu aseme.

"Ndugu zangu," alisema. "Dada yangu alikuwa mutu kama sisi. Mwenye alikosewa naye, amusamehe. Mwenye aliweka amana kwake, aseme sasa, tumurudishie. Tusimuzike na kitu ya mutu. Tunataka alale mwepesi."

Akangoja. Upepo ulitoka ziwani ukapita kwenye majani. Simu ya mtu ililia, ikazimwa. Théoneste aliinama, bila shida yoyote, akafuta tope kwenye kiatu. Onésphore alikuwa anaangalia pikipiki zilivyopangwa. Muuguzi aliyekuwa amesimama mbali, nje ya ukuta mfupi wa makaburi, alikuwa anasoma jina kwenye kaburi la mtu asiyemjua.

Mzee Kadiri akasema mara ya pili. Akasema mara ya tatu, na sasa sauti yake ilikuwa ya kuomba. Valentin aliangalia nyuso za watu, mmoja baada ya mwingine, kwenye duara lote, mpaka aliporudia palepale alipoanzia.

"Basi," imamu alisema taratibu. "Kama hakuna mwenyewe, amana iko kwa warithi."

Marehemu alikuwa na mrithi mmoja. Wakamteremsha. Waliokuwa ndani ya shimo walishangaa kidogo tu namna alivyokuwa mwepesi, wakasema alikuwa amekonda sana mwishoni.

Nyumbani, saa ileile, Kaltumu alikuwa katikati ya chumba na sinia. Aliiweka chini kwa uangalifu ili chai isimwagike. La kwanza kuingia lilikuwa goti. Nyuma yake ukaingia mgongo, kisha bega, kisha kipandauso, kisha mengine, moja moja, bila kusukumana, kama watu wanaoingia kwenye msiba wakivua viatu mlangoni. Alijishika ukutani. Hakupiga kelele. Wanawake waliokuwa karibu waliona, wakasogea kidogo kila mmoja na kumwachia nafasi kwenye mkeka.

Akakaa, mguu wa kushoto akaukunja chini yake kama alivyozoea tangu utotoni, uso ukambadilika.

Mukarugwiza, aliyekuwa amekaa upande wa pili, alivuka mkeka kwa magoti akamfikia. Aliutoa mguu ule polepole, akaunyoosha, akaweka mto chini ya goti, akausogeza mto mpaka ukakaa mahali penyewe hasa, kwa namna ya mtu anayepajua.

"Usiikunje hivyo," alisema. "Hii haipendi. Inapenda kunyooka. Asubuhi, mbele ya kusimama, iwekee kitambaa ya maji moto, halafu ungoja kidogo. Ngazi unapanda na muguu ya kuume kwanza. Kushuka, ya kushoto. Ikianza kuuma ndani-ndani bila sababu, ujue mvua iko inakuja, uanue nguo."

"Aksanti, mama," Kaltumu alisema.

"Na usipige magoti. Ukiswali, uswali umekaa. Mungu anaelewa."

Alimpangusa jasho usoni kwa ncha ya kitenge chake. Halafu akaichukua ile sinia kutoka sakafuni, akainuka nayo kwa mara moja, bila kushika ukuta, akaenda kuwamiminia wengine chai.